Ndungu Wamepanda

Nilikwenda Ngolomela kusema asante, basi. Nilikuwa nimebeba doti moja ya kanga, paketi mbili za majani ya chai na cheti chenye muhuri wa Taasisi, na nilitegemea kurudi kabla ya chakula cha mchana. Si kawaida yangu kuzunguka vijijini na vyeti; kazi yangu ni samaki, na samaki hawana shida na muhuri. Lakini Alhamisi ya wiki ile Baraza la Mto lilikuwa linakaa kuamua kama Fungu la Samaki liendelee au lifutwe, na nilitaka kuwapelekea shahidi bora tuliyekuwa naye. Kwenye kumbukumbu zetu shahidi huyo aliitwa Kituo Namba Saba.

Tangu mto Lwihoma ulipokauka mara ya pili, sheria iliyagawa maji ya bwawa mafungu matatu: la mashamba ya mpunga, la umeme, na la samaki. Mpunga una wakulima wa kuusemea, umeme nao una shirika zima lenye mawakili. Samaki walipewa Sikio, mtambo uliofungwa chini ya lango la bwawa, kazi yake kusikiliza mto usiku na mchana. Maboya mia mbili huonja maji na kutafuta vinasaba vilivyoachwa na ute na magamba ya samaki wanaopita. Vifaa vingine huhesabu umeme mdogo anaoutoa sulusulu, yule samaki wa mdomo mrefu, anapotafuta njia kwenye tope. Juu ya hayo yote, wavuvi hamsini walipewa visemeo, vidude vyenye ukubwa wa kiberiti: unabonyeza, unasema ulichokiona, unaachia. Sikio hupima kila habari, huwaamini zaidi wale waliowahi kusema kweli, na likiridhika hufungua lango lenyewe. Hata mkurugenzi haombwi ruhusa.

Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa Sikio kwa miaka yote kumi na moja tangu lifungwe. Na katika miaka hiyo ndungu, samaki tuliyekuwa tumeshaanza kumwonyesha watoto kwenye picha, alirudi. Maji yakija Januari ndungu wakubwa hupanda vijito na kutaga kwenye bonde lililofurika. Vifaranga hubaki kwenye madimbwi hadi maji ya pili yaje kuwatoa. Hayo maji ya pili hatukuliambia Sikio. Lilianza lenyewe, mwaka wa kwanza tu, nasi tukayapa jina la mafuriko pacha, tukayaandikia makala na kupewa tuzo. Aliyetangulia kutoa habari kabla ya mafuriko yote mawili, siku tano mbele ya boya lolote, alikuwa Kituo Namba Saba.

Kwenye daftari aliandikwa Gaudensi Limbanga, mvuvi. Nilipofika nilimkuta mwanamke wa miaka sitini hivi, mnene wa wastani, amejifunga kitambaa kichwani, anageuza ndungu juu ya chanja ya kubanikia. Nilimwamkia, nikajitambulisha kuwa ni Daktari Editruda Ngwila wa Taasisi, nikamuulizia mzee Gaudensi. Aliniangalia kwa huruma, kisha akasema mumewe alifariki mwaka uleule waliogawiwa vile vidude, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Yeye ni mke wake, Mama Kandida. Nikampa pole ya miaka kumi na moja, kwa aibu, na nikauliza nani basi aliyekuwa akizungumza na Sikio.

Alinionyesha kisemeo. Kilikuwa kimening'inia kwa kamba ya mkonge kwenye nguzo ya banda, kimepakwa masizi hadi hakionekani rangi.

"Ni mimi. Mlisema samaki wakipanda tuwaambie mara moja, na mimi nikiahidi naahidi. Wakipanda nawaambia, hata siku ya msiba niliwaambia."

Nilimshika mikono yote miwili. Nilimwambia yeye ndiye aliyewaokoa ndungu, kwamba hakuna chombo chetu kilichojua kama yeye saa ambayo samaki wanapanda, na kwamba ningeomba aje nami Barazani. Nikamuuliza anajuaje. Je, anaona rangi ya maji? Anawasikia kijitoni?

Mama Kandida aliacha kugeuza samaki.

"Mwanangu, mimi kijitoni sijafika tangu mume wangu azikwe. Najua kwa sababu ndio mimi ninayewauza. Nikienda asubuhi kwa wavuvi nikakuta ndungu wamepanda, na mimi napandisha."

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ndungu wamepanda. Bei.

Hapa inabidi nikiri jambo moja. Mwanzoni kabisa mwa mradi Sikio lilikuwa likiandika "ndugu wamepanda", na tulicheka sana pale ofisini tukijiuliza ndugu wa nani. Tulikaa miezi miwili kulifundisha kutofautisha ndungu na ndugu, kwa lafudhi zote za bonde, na tulijisifu kwamba suala la lugha tumelimaliza. Neno la pili hakuna aliyeligusa. Mvuvi akisema samaki wamepanda anamaanisha wameelekea juu ya mto. Mwuza samaki akisema hivyohivyo anamaanisha shika mfuko wako. Bwana tuliyemtuma kugawa visemeo alisema "samaki wakipanda tuambieni", akakabidhi kimoja kwa mvuvi ambaye mkewe ni mtu wa sokoni, akaenda zake.

"Nilikuwa nawashangaa," Mama Kandida aliendelea, akirudi kwenye chanja yake. "Watu wa ofisi mnapenda kujua bei, na kununua hamnunui."

Nilicheka. Nilicheka hadi moshi ukaniingia, nikakohoa, akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Kisha akili ya kazi ikanirudia, nikamuuliza bei hupanda lini. Alijibu bila kufikiri. Mara ya kwanza ni pale mvua za juu zinapoanza, kwa kuwa ndungu huacha mto mkubwa, hujikusanya kwenye midomo ya vijito wakisubiri maji, na nyavu za mtoni hurudi tupu. Hilo lilinipa ahueni, maana lilikuwa sayansi tosha: samaki wakijiandaa kupanda mto, wanapanda bei kwanza. Nikamuuliza na mara ya pili.

"Ya pili si Kwaresima? Nyumba nzima ya mtu haili nyama siku arobaini. Wiki moja kabla ya Majivu hapa hapashikiki."

Banda la Mama Kandida lilikuwa limezibwa upepo kwa kalenda za kanisa, za kila mwaka, zimebandikwa kwa uji wa muhogo. Nilisimama nikaanza kuzisoma ukutani, nikitafuta Jumatano ya Majivu ya kila mwaka, nikilinganisha na tarehe za mafuriko ya pili kwenye kishikwambi changu. Mwaka wa kwanza zilikaa pamoja. Wa pili, hali kadhalika. Mafuriko pacha, yale ya tuzo, yalikuwa Kwaresima. Lango la bwawa kubwa kuliko yote nchini lilikuwa likifunguliwa kwa sababu Wakatoliki wa Ngolomela wanataka samaki.

Nilipofika mwaka wa tano nikaacha kutabasamu. Mwaka wa tano na wa nane ndiyo tuliyoiita miaka mibaya, vifaranga walipokufa madimbwini kwa mamilioni nasi tukasingizia kambale, mara ugonjwa, mara joto. Ukutani, katika miaka hiyo miwili tu, Pasaka ilikuwa imechelewa. Nikaitafuta kalenda ya mwaka huu. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe tisa Machi, na siku ile ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na nne Februari.

Nikamwomba Mama Kandida anipeleke kwenye dimbwi lililo karibu. Lilikuwa nyuma ya shamba lake la mihogo. Mwezi uliopita pale maji yalikuwa yanafika kifuani. Sasa yalinifika kwenye vifundo vya miguu, ya moto, na ndani yake vifaranga wa ndungu walikuwa wamejaa kiasi kwamba ukitia mkono unawagusa. Kila mmoja hazidi ukucha wa kidole gumba. Nilipima joto na hewa iliyomo kwenye maji, nikapiga hesabu, nikairudia. Walikuwa na uhai hadi Ijumaa, na Sikio lilikuwa linasubiri bei ipande mwezi Machi.

*

Mkurugenzi wetu, Ladislaus Mponda, si mtu mbaya, na ningependa hilo lieleweke mapema. Mwaka mto ulipokauka yeye alikuwa kijana wa maabara, na alitembea bondeni siku tatu akakusanya ndungu kumi na saba waliobaki hai, akawabeba kwenye pipa. Hao kumi na saba ndio mababu wa kila ndungu anayebanikwa leo Ngolomela. Kila nikikasirika naye hulikumbuka lile pipa.

Nilimweleza yote Jumanne asubuhi. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akaniomba nihesabu pamoja naye. Maji yakitoka langoni huchukua siku mbili kufika bonde la Ngolomela. Tukisubiri Baraza lipite Alhamisi, tukafungua Ijumaa, yanafika Jumapili kwenye mizoga. Kwa hiyo ni lazima kufungua kesho Jumatano, kwa mkono, na sheria inamtaka anayefungua kwa mkono aandike sababu kwenye daftari la lango, ambalo kila mjumbe wa Baraza hulisoma papo hapo.

"Sasa andika majaribio ya lango," alisema. "Maneno matatu. Samaki wanapona, Fungu linapona, na yule mama anaendelea kuuza samaki zake kwa amani."

Kusema kweli nililipenda wazo lake, na nililipenda kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Upande mmoja kulikuwa na uongo mdogo usiomdhuru mtu. Upande wa pili kulikuwa na wajumbe kumi na saba, nusu yao wakitafuta kisingizio tu, nami niwaandikie kwa mkono wangu kwamba maji yao yamekuwa yakimwagwa kwa kufuata bei ya sokoni. Fungu likifutwa, mto utakauka tena, na safari hii sina hakika kama ndungu kumi na saba watapatikana.

Lakini kulikuwa na Sikio. Sikio husoma kila kinachoandikwa kwenye daftari la lango na hujifunza kutokana nacho, ndivyo nilivyolitengeneza. Lilikuwa limekosea miaka kumi na moja bila hila yoyote, kwa sababu ya neno tulilolisema vibaya sisi. Nikiliandikia majaribio ya lango, litajifunza kwamba maji yale hayakuwa na maana, na Pasaka nyingine ikichelewa litaua tena, nami sitakuwepo kila mwaka kulidanganya. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba nimeshamwalika Mama Kandida Barazani, na siwezi kumwambia mtu aliyetimiza ahadi yake hadi siku ya msiba kwamba sasa anyamaze.

Ladislaus alifungua macho. Alisema nikiandika ukweli hataweza kunitetea, kwa sababu akinitetea Taasisi nzima itaonekana ilijua. Alisema hilo kwa upole. Nikamwambia nimeelewa, na nikamshukuru kwa lile pipa. Nadhani hakutegemea, maana alitoa leso.

*

Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa langoni. Fundi wa zamu alinipa daftari, nikaandika:

"Nafungua kwa mkono maji ya pili ya ndungu. Sikio halitafungua kwa wakati kwa sababu tulilifundisha vibaya. Habari ya Kituo Namba Saba, 'ndungu wamepanda', ni habari ya bei, si ya safari. Maji ya kwanza bei huyatabiri vizuri, kwa kuwa samaki hupungua nyavuni kabla ya kupanda vijito. Maji ya pili yamekuwa yakifuata Kwaresima. Pasaka ilipochelewa, mwaka wa tano na wa nane, vifaranga walikufa, na kosa lilikuwa letu. Kuanzia leo maji ya pili yafuate joto na kina cha madimbwi. Editruda Ngwila."

Niliweka sahihi, nikashika usukani pamoja na fundi, tukauzungusha. Kabla maji hayajatulia kishikwambi changu kilikuwa kimeanza kulia, mjumbe baada ya mjumbe. Nilikizima nikakaa kwenye ukingo wa zege kuyatazama maji yakienda, na kwa mara ya kwanza katika wiki ile sikuwa na hofu.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Mwakilishi wa wakulima wa mpunga alianza kwa kusoma maandishi yangu kwa sauti, taratibu, na alipofika kwenye Kwaresima alishindwa kuendelea kwa kicheko. Alifuta machozi, akaendelea, akashindwa tena. Ukumbi mzima ulicheka, nami nilicheka, kwa kuwa ni kweli ilichekesha. Kisha akakunja karatasi na uso ukabadilika. Alisema wakulima wamenyimwa maji Februari miaka kumi na moja kwa heshima ya sayansi, na sasa sayansi yenyewe imekuja kusema ilikuwa soko la Ngolomela. Aliomba Fungu lifutwe.

Ladislaus alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakunitetea, kama alivyoniahidi.

Niliulizwa kama nina la kujitetea, nikasema la kujitetea sina, ninalo la kueleza. Nikaeleza ile miaka miwili mibaya. Nikawaambia kwamba sasa, kwa mara ya kwanza, tunajua kwa nini vifaranga hufa, na kwa hiyo tunaweza kumwambia mkulima wiki mbili kabla ni lini maji yatatoka na yatakuwa kiasi gani. Zamani hata sisi wenyewe tulishtukia lango limefunguka. Kisha Mama Kandida akaomba kusema. Alikuwa amevaa ile kanga.

"Mimi nimesikia hapa kwamba mmedanganywa. Sijamdanganya mtu. Bei ilipopanda nilisema imepanda, na ilikuwa imepanda. Miaka kumi na moja hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza, mama, wamepanda wapi. Huyu Daktari amekuja. Kaja na majani ya chai kushukuru, akauliza, na alipojibiwa hakunifunga mdomo. Kama mnafuta mto kwa sababu mtu kauliza swali, futeni, ila samaki wa Kwaresima mtawatafuta kwingine."

Alikaa. Mwakilishi wa wakulima alikuwa na mke anayenunua samaki kama watu wengine. Nilimwona akikuna kidevu.

Kura zilikuwa tisa kwa nane. Fungu liliendelea, kwa miaka miwili badala ya kumi na moja, na kwa masharti. Moja ya masharti hayo ni kwamba mimi nivuliwe ukuu wa Sikio. Kura ya tisa ilikuwa ya yule bwana wa mpunga, na tulipokutana mlangoni aliniambia tu kwamba zile wiki mbili za taarifa atazidai. Nilimshukuru hadi akaona haya.

*

Watu wengi wamenipa pole tangu siku ile. Ijumaa mchana nilikuwa Ngolomela, nimesimama kwenye shamba la mihogo, maji yalipoingia dimbwini yakitoa povu na vijiti. Kwa dakika kadhaa vifaranga hawakusogea. Halafu wa pembezoni wakageuka, wenzao wakafuata, na dimbwi zima likaanza kutoka kuelekea kijitoni na mtoni, wadogo vile, hawahesabiki. Mtu aliyeona vile hapaswi kupewa pole.

Ripoti ya mwaka nimeiandika mwenyewe kabla ya kukabidhi ofisi. Ukurasa wa Shukrani, ambao kwa kawaida hujazwa wakubwa wasiousoma, nimeuweka mbele kabisa, na una mistari michache. Namshukuru marehemu Gaudensi Limbanga aliyepokea kisemeo. Namshukuru Ladislaus Mponda kwa ndungu kumi na saba. Waumini wa parokia ya Ngolomela nao wamo, kwa kufunga kwao miaka kumi na moja. Na pale ilipokuwa imeandikwa Kituo Namba Saba, kila mahali, kurasa mia mbili na kumi, sasa imeandikwa Kandida Limbanga.

Kisemeo chake hakikuzimwa. Jumatatu iliyofuata nilikuwa napanga vitu vyangu kwenye boksi pale Sikio liliponiita, likasema kuna habari kutoka kwa Kandida Limbanga ambayo haliielewi na kwamba lingependa kuuliza kabla ya kuiandika. Hilo nililifundisha mwishoni, na ndilo jambo la mwisho nililolifundisha. Likaniwekea sauti yake, na nyuma yake mafuta yalikuwa yakichuruzika kwenye moto.

"Ndungu wameshuka," alisema.

Nilibonyeza kitufe cha kujibu nikamuuliza, mama, imeshuka bei, au wameshuka samaki?

"Vyote viwili, mwanangu. Njoo na kikapu."